Nilivyojifunza chip kwa uteo wa marehemu mke wangu, na kilichonipata shimo la tisa

Jumatano, tarehe 13 Agosti 1986, saa nne asubuhi, nilimpoteza mke wangu Kadzo.

Wakuu, hamjambo. Mimi humu huwa nasoma tu, sichangii. Lakini juzi mwenzetu mmoja aliuliza afanyeje mipigo yake ya karibu na shimo, zile chip za kuurusha mpira kidogo na putt za kuuviringisha shimoni, maana akisogea karibu mkono unamtetemeka. Nimesoma majibu yote. Ni mazuri. Ila hakuna aliyesema habari ya mkono unaotetemeka kwa jambo lisilohusu gofu.

Nitaeleza yangu. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, kwa hivyo mtanivumilia. Sitaongeza kitu. Mahali nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Wakati huo nilikuwa kedi Malindi, yaani kazi yangu ilikuwa kubeba mkoba wa fimbo za wachezaji. Jioni wenyewe wakishaondoka na sisi tulicheza. Wengi wetu tulicheza vizuri kuliko wenye fimbo, ingawa hilo hatukulisema kwa sauti.

Kiwanja chetu hakikuwa na green za nyasi, yaani zile sehemu laini zinazozunguka shimo. Maji ya kunyweshea nyasi yangetoka wapi? Kuzunguka shimo palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ili upepo usiupeperushe. Tuliliita brown.

Ukikanyaga brown, alama ya kiatu inabaki. Kwa hivyo kabla mchezaji hajapiga putt, kedi alichukua gunia lililofungwa kwenye mpini akaliburuta kutoka kwenye mpira hadi shimoni, njia ikawa laini. Gunia lisipokuwapo tulitumia mguu. Unaburuta soli polepole, mara moja, umemaliza.

Naomba mlishike hilo la mguu. Nitalirudia.

Kadzo aliugua wiki tatu. Siku mbili kabla ya mwisho, hospitalini, aliniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia, amesema utapona.

Daktari hakusema hivyo. Alisema tujiandae.

Kadzo akanitazama, akasema, "Haya." Hakuniuliza tena.

Sijawahi kuliandika hilo mahali popote mpaka leo.

Alituachia mtoto mmoja, Sidi, wa miaka minne. Tulimzika Kadzo kwetu, Matsangoni. Matanga yalipoanuliwa, mkwe wangu akaniita pembeni. Yeye kwao ni Kaloleni, mama asiyepandisha sauti.

"Baba Sidi, mtoto nitakwenda naye."

"Mayo, mama yangu, niachie."

"Nikuachie umweke wapi? Una chumba kimoja. Unatoka alfajiri, unarudi jua limezama. Mtoto wa kike atashinda na nani, na paka?"

Waliokuwa karibu wakacheka kidogo. Hata mimi nilicheka. Kwa mila zetu mtoto alikuwa wangu, mahari nilikwisha toa, lakini mila haipiki uji. 

 Halafu akasema, "Nakupa mpaka vuli iishe. Ukipata nyumba yenye watu, akae nawe. Usipopata, umlete wewe mwenyewe. Sitaki kuja kumchukua mjukuu wangu kama polisi."

Basi nikarudi Malindi na Sidi. Mchana alishinda kwa jirani. Kila siku nikiwa kiwanjani nilikuwa nikihesabu mawingu. Watu walikuwa wanaomba mvua, mimi naomba ichelewe.

Mwezi wa Septemba zikaja habari. Kulikuwa na hoteli moja ng'ambo ya Kilifi, upande wa Mnarani, imetengeneza kiwanja kidogo cha mashimo tisa kwa ajili ya wageni wake. Mashimo yalikuwa mafupi mafupi, na green zake zilikuwa za nyasi halisi. Walitaka msaidizi wa kocha. Atakayepata kazi atapewa vyumba viwili kwenye nyumba za wafanyakazi, ndani ya ua, na familia nyingine zimejaa humo.

Dada yangu Kache akakubali kuja kukaa nami kama nitapata. Nyumba yenye watu ilikuwa ndiyo hiyo.

Hakukuwa na barua ya maombi wala cheti. Jumamosi ya kwanza ya Novemba makedi watakaotaka waende, wacheze mashimo tisa, atakayemaliza kwa mapigo machache achukue kazi. Kutoka kwetu tulijiandikisha wawili, mimi na Chengo, rafiki yangu tuliyeanza naye kazi mwaka mmoja.

Sasa wakuu, tatizo.

Nikiwa mbali na shimo mkono wangu ulikuwa mzima. Nikifika kama hatua ishirini, unaanza. Kwanza kidole gumba, halafu kifundo. Ama nauparaza mpira juu unakimbilia upande wa pili wa brown, ama fimbo inaingia ardhini kabla ya kufika kwenye mpira. Kabla ya Agosti sikuwa na ugonjwa huo. Na kile kiwanja cha hoteli chote kilikuwa cha mipigo ya karibu. Ni kama walinichagulia pale ninapoumwa.

Chengo aliniona siku moja nikichimbua nyasi, akasema, "Kaka, unacheza au unalima? Weka mbegu kabisa, mvua iko njiani."

Nilimwambia aniache. Akaona uso wangu, akaniacha.

Aliyetunza zile brown alikuwa Mzee Athumani, Mswahili wa Malindi mjini, fundi wa kuchanganya oili na mchanga. Alama ya kiatu kwenye brown yake aliiona kama matusi. Nilimwendea kumwomba nifanye mazoezi pale asubuhi kabla wachezaji hawajaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nini?"

Nikamweleza yote, hata la Sidi. Akaendelea kukung'uta ndoo yake.

"Piga mpira mmoja, ufute. Mmoja, ufute," akasema. "Nikikuta unyayo hapa, usirudi. Na gunia usiliguse, hilo la wanachama. Futa kwa mguu wako."

Nikakubali. Kwa hivyo karibu kila asubuhi kwa wiki sita hivi nilifanya jambo moja: chip, nafuta kwa mguu, putt, nafuta. Chip, mguu, putt, mguu.

Siku za kwanza Mzee Athumani alinitazama akitikisa kichwa. Siku ya tatu au ya nne akaja.

"Mbona unautazama mpira kama nyoka? Weka fimbo chini."

Nikaweka.

"Chukua mpira, urushe kwa mkono. Unataka uangukie wapi?"

"Shimoni."

"Sikukuuliza unataka uingie wapi. Uangukie wapi."

Nikanyoosha kidole mahali, hatua tatu mbele yangu. Nikarusha kwa chini, kama mtu anayemrushia mwenziwe chungwa. Ukaanguka palepale, ukaviringika kidogo. Nikarusha wa pili, wa tatu. Mkono haukutetemeka.

"Mkono wako hauna ugonjwa," akasema. "Unajaribu kufika mwisho kabla hujaanza. Chagua pa kuangukia, basi. Yaliyobaki si yako."

Akarudi kwenye ndoo yake.

Yule mwenzetu aliyeuliza, kama hutasoma zaidi ya hapa, chukua hilo. Kwenye chip, shimo ni mbali mno kulifikiria. Chagua kipande cha ardhi cha ukubwa wa sahani na uushushe mpira hapo. Rusha kwa mkono kwanza, halafu shika fimbo ujaribu kufanya kilekile.

Nyumbani nilihitaji kitu cha kulenga. Uteo wa Kadzo, ule wa kupepetea nafaka, ulikuwa umetundikwa ukutani tangu Agosti. Nilikuwa sijaugusa. Unga nilikuwa nanunua wa pakiti ili nisiuteremshe.

Siku moja alasiri Sidi alipanda kigoda akauteremsha mwenyewe, akatoka nao uani, akauweka chini, akakaa pembeni yake.

"Baba, tia humu."

Nilikuwa na mipira mitatu mizee mkononi. Nikasimama nao, nikapumua kwanza. Halafu nikapiga.

Tangu siku hiyo Sidi akawa refa. Mpira ukiangukia ndani ya uteo, hata ukiruka ukatoka baadaye, ni ndani. Ukianguka pengine ni nje. Hakuwa na huruma.

"Nje."

"Si umegusa?"

"Umegusa ukingo. Nje, baba."

Aliusogeza uteo anavyotaka yeye, mara karibu, mara mbali, mara nyuma ya jiwe la kufulia. Nilikuwa sijui kwamba hayo ndiyo mazoezi bora. Watu husimama mahali pamoja wakapiga mipira hamsini, wakidhani wamejifunza. Kiwanjani hakuna atakayekupa mpira uleule mara mbili. Mwanangu hakunipa.

Mwishoni mwa Oktoba uteo ulikuwa umetoboka katikati. Nami mkono ulikuwa umetulia. Haukupona, nasema ulitulia. Ule woga ulikuwa bado uko palepale chini, nausikia, ila nilikuwa na pa kuuweka.

Mvua nayo ilikuwa imeanza.

Jumamosi ile tulifika Kilifi mapema, feri ikawa ng'ambo. Tukakaa kwenye foleni tukiitazama imesimama upande wa Mnarani, haiji. Chengo alikuwa anakula mahamri, ananisimulia habari za mtu aliyechukuliwa na mbwa kuku wake. Sikusikia hata nusu. Nilikuwa naona nimechelewa, naona jina langu limefutwa, naona gari la kumpeleka Sidi Kaloleni.

Ikaja. Tukavuka. Hatukuchelewa hata kidogo.

Tulikuwa wanne. Meneja wa gofu alikuwa Mzungu mmoja, mtu wa maneno machache. Aliyeandika mapigo ni karani kutoka bara, Bwana Mwangi, mpole sana. Akatusomea sheria. Nyingi tulizijua. Moja aliisoma mara mbili, kwa sababu alijua tunatoka kwenye mchanga: kwenye green, mtu asiguse kwa mguu wala kwa kitu njia ambayo mpira wake utapita kwenda shimoni. Akigusa, anaongezwa mapigo mawili.

Chengo akanipiga kiwiko. "Umesikia? Huku hakuna kufagia."

Nikacheka. Lakini nilikwenda kando nikaokota kipande kidogo cha jiwe la matumbawe, nikakitia ndani ya kiatu cha kulia, chini ya kisigino. Nilijijua. Nilitaka kila nikikanyaga nikumbuke.

Tulipewa muda mfupi wa kujaribu nyasi. Wenzangu wakachukua fimbo wakaanza putt. Mimi nikawa narusha mipira kwa mkono, nione inaanguka wapi na kusimama wapi. Kwetu mpira ukianguka kwenye oili unakufa. Hapa ulianguka ukaendelea kutembea kama una shughuli zake. Nikajua pa kuangukia ni nyuma zaidi, karibu mara mbili ya nilivyozoea. Wale wawili wengine walinitazama wakacheka. Sikuwalaumu.

Tukacheza.

Sitawachosha na kila shimo. Mkono ulinitetemeka shimo la kwanza, nikapoteza pigo. Shimo la pili nikauona uteo. Nasema kweli, niliuona pale kwenye nyasi, na tundu lake katikati, nikaushusha mpira humo. Baada ya hapo ikawa ni hivyo. Kila shimo nilikuwa nachagua mahali, nasikia ile sauti, ndani, nje, ndani.

Na kila nikifika kwenye green, jiwe linanichoma kisigino, mguu unatulia.

Baada ya shimo la nane wale wengine wawili walikuwa nyuma sana. Nilikuwa mbele ya Chengo kwa pigo moja.

Shimo la tisa mpira wangu wa kwanza ulisimama kwenye mteremko, nje ya green. Ilinibidi nisimame uzito ukiwa mguu wa kulia. Jiwe likawa linaniumiza, nayumba. Nikafikiri, limebaki shimo moja. Nikavua kiatu, nikalitoa, nikalitupa.

Halafu nikapiga chip nzuri kuliko zote nilizopata kupiga maishani. Mpira uliangukia pale hasa nilipotaka, ukatembea polepole, ukasimama umbali wa hatua moja kutoka shimoni. Chengo alisema, "Alaa." Hakusema kwa wivu.

Yeye alikuwa mbali zaidi, akapiga putt yake kwanza, ikaingia. Alimaliza shimo kwa mapigo matatu. Mimi nikitia yangu, ni matatu pia, nimeshinda kwa pigo moja.

Nikatembea kuelekea kwenye mpira. Wakuu, woga ulikuwa umeondoka. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti sikuwa na kitu kifuani. Nilikuwa nafikiri Kache aje na godoro lake au tutanunua.

Nikaupita mpira, nikaburuta soli ya mguu wa kulia polepole hadi karibu na shimo. Mara moja. Kama kila asubuhi.

Nikageuka, nikapiga putt, ikaingia.

Ndipo nikauona mguu wangu.

Chengo alikuwa ameinama anaokota mpira wake. Bwana Mwangi alikuwa anaandika. Meneja alikuwa anazungumza na mgeni mmoja mbali kidogo. Nyasi zile fupi hazikuwa na alama yoyote. Brown ingenisema, nyasi zilinyamaza.

 Nitawaambia nilichofikiri, maana niliahidi kutoongeza kitu, na kupunguza pia ni kosa. Nilimfikiria Sidi. Nilifikiri, huu si wizi, njia ilikuwa laini tayari, sikufaidika kitu. Nilifikiri, ningeingiza hata kama nisingefuta. Yote hayo ni kweli mpaka leo.

Halafu nikamkumbuka Kadzo akisema "Haya." Alijua. Alijua nimemdanganya, akaubeba ule uongo wangu akaondoka nao, na mimi sikupata nafasi ya kuurudisha. Nikaona nitakuwa nalala kwenye vile vyumba viwili na mwanangu, na asubuhi nitamwambia habari ya namna nilivyopata nyumba, na sauti yangu itakuwa ile ile ya hospitalini.

Nikamwendea karani.

"Bwana Mwangi, niongeze mawili. Nimegusa njia."

"Umeguza na nini?"

"Mguu. Nimefuta."

"Mimi sijaona kitu. Nani ameona?"

"Mimi."

Akanitazama. Chengo akaja mbio. "Hakugusa, bwana. Huyu amefiwa, hajui anachosema. Kaka, nyamaza."

"Nimefuta, Chengo. Unajua tunavyofuta."

Chengo akatazama nyasi. Alijua.

Bwana Mwangi akamwita meneja, wakasemezana. Meneja akaniuliza kwa Kiswahili chake kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaitikia kwa kichwa mara moja, karani akaandika tano badala ya tatu. Nikawa nimeshindwa kwa pigo moja. Meneja akanipa mkono, akampa Chengo kazi. Hakukuwa na kazi ya pili.

Kwenye feri Chengo hakuniangalia. Tulipokaribia upande wa Kilifi akasema, "Nikikaa kwenye ile nyumba nitakuwa nakuona wewe mlangoni."

"Kaa vizuri," nikamwambia. "Hukuniibia."

Alikaa pale miaka mingi. Mpaka alipofariki tulikuwa ndugu.

Nilichojifunza, nitasema kifupi. Mkono nilikuwa nimeufundisha. Mguu nao ulikuwa umejifundisha wenyewe, palepale, asubuhi zilezile, na sikuuangalia. Unapofanya mazoezi mwili mzima unasoma, hata kile usichotaka ukisome. Kwa hivyo fanya mazoezi kwenye ardhi unayokwenda kuchezea, na ukishindwa kuipata, jiulize ni nini unafanya bila kujua. Na jiwe likikuumiza, livumilie mpaka umalize.

Watu wameniuliza kama najuta. Jibu langu hubadilika. Kuna siku najuta, hasa nikikumbuka ile miaka niliyokaa bila mwanangu. Sidi sasa ana watoto wakubwa, hajambo, na habari hii anaijua yote. Kama nanyi mmewahi kutetemeka mkono kwa sababu ya msiba, mniandikie hapa chini mlifanyaje. Nitasoma zote, hata za kunipinga.

Namalizia na siku niliyompeleka.

Vuli ilikwisha. Nilikwenda naye Kaloleni mwenyewe, kama nilivyoagizwa, na nguo zake ndani ya mfuko, na uteo. Sikutaka kubaki nao, na sikutaka kuutupa. Mkwe wangu aliupokea, akaugeuza, akauinua juu akatazama mwanga ukipita kwenye tundu.

"Huu niliusuka mimi," akasema. "Mlikuwa mnapepeta mawe?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mpaka mguu, mpaka karani. Nikamweleza na la hospitalini.  Mwishoni alisema, "Aliniambia. Alisema umemdanganya, nisikuulize." Akaingia ndani kutuletea chai.

Tulikunywa. Nikamwachia Sidi mpira mmoja, nikamuaga, nikashika njia.

Nilikuwa nimefika kwenye minazi ya mwisho ya ule ua nikasikia nyuma yangu mpira ukianguka chini, kisha Sidi, kwa sauti yake ileile ya refa.

"Nje."

Nikaendelea hatua mbili tatu.

"Nje."

Nikasimama. Sikugeuka kwa sababu nilijua nikigeuka atakuja mbio. Nikangoja hapo na mfuko mtupu mkononi. Ilichukua muda.

Aliposema "Ndani," nikaenda.